Kampuni za kamera zimsikilize nani, sisi wa kazi au wapenzi wa picha?

Mpiga_wa_Jinja

Wadau habari zenu. Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu wiki iliyopita nimeona nikilete hapa, maana najua humu kuna watu wa harusi, watu wa habari, watu wa ndege na wanyama, na mafundi pia mpo.

Mi niko Jinja. Napiga kwanjula (ile sherehe ya utambulisho kabla ya harusi), harusi, ubatizo, mahafali, katikati ya wiki napiga pasipoti na bidhaa za maduka. Kamera ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na karo ya watoto, sina kazi nyingine. Sasa natafuta bodi ya pili, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na nikiangalia hizi zinazotoka naona juu kabisa kuna kina Nikon Z9, Canon R1, Sony a1, hela yake huku kwetu unanunua kiwanja. Chini kuna za kuanzia, na huko kila kitu cha maana wamekikata. Canon R100 imetoka 2023 bila skrini ya kugusa, jamani 2023, wakati simu ya bei ya chini kabisa inayo. Nikon D3300 ilikuwa na tundu la maikrofoni, iliyoifuata D3400 wakaliondoa. Canon 4000D ya 2018 hata pete ya kufungia lenzi ni plastiki.

Katikati ndo kuna kamera nzuri nzuri ila naona zinatengenezwa kwa ajili ya wapenzi, yaani mtu mwenye mshahara wake anayepiga picha Jumamosi kwa raha zake. Huyo anataka kamera nyepesi, ya kupendeza mkononi, yenye vinobu vya kuzungusha kama za zamani na rangi za filamu. Sawa, ni haki yake. Lakini mi nataka kitu kinachovumilia. Kwanjula unaanza asubuhi unamaliza jioni, uko chini ya tenti nyekundu au ya njano inayogeuza ngozi za watu wote, vumbi, jua, mvua ya ghafla, na ile dakika jogoo linakabidhiwa kwa muko, kaka wa bibi harusi, hairudiwi. Ukiikosa umeikosa na familia nzima itakukumbuka kwa hilo.

Basi swali langu, hizi kampuni zimtengenezee nani kwanza? Mi nasema wa kazi, kwa sababu kamera ikiweza kazi yetu, ya Jumamosi itaiweza tu. Nyie mnaonaje?

picha_na_mwanga

Kaka Jinja salaam kutoka Entebbe. Mi ndo huyo mtu wa mshahara unayemsema, ofisi Jumatatu mpaka Ijumaa, kamera wikendi, kwa hiyo naongea upande wangu waziwazi.

Angalia hesabu. Mwaka 2010, kwa takwimu za CIPA ambacho ni chama cha watengenezaji kule Japani, walisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu imezimeza zile kamera ndogo za mfukoni karibu zote. Samsung wakatoka kabisa kwenye kamera, Olympus wakauza kitengo chao na biashara ikakamilika Januari 2021. Hao waliobaki wataishi kwa nani? Watu wa kazi ni wachache, na wakishanunua wanaitumia mpaka ife kwa sababu kwao kila senti ni ya biashara. Mpenzi anabadilisha kwa sababu ametamani. Fujifilm X100V, kamera yenye lenzi moja isiyotoka, ilivuma TikTok mpaka ikaadimika na za mtumba zikauzwa kuliko bei ya mpya. 2024 wakatoa X100VI ikagombaniwa vile vile. Hela za namna hiyo ndizo zinazolipa wahandisi.

Na hii si ya leo. Kodak walitoa Brownie mwaka 1900 kwa dola 1 ili mtu wa kawaida na mtoto wake wapige picha, wala hawakuwa wanamuwaza mwenye studio.

Halafu nikuulize kwa heshima kaka, hiyo bodi yako uliinunua mpya? Wengi hapa tunanunua mtumba, imetumika Ulaya au Dubai ikatufikia. Kampuni haipati hata shilingi moja kwenye mauzo yale, sasa itatusikiliza kwa msingi gani?

Mpiga_wa_Jinja

Ni ya mtumba, kweli. Lakini lenzi nimenunua mpya, flashi mpya, betri mpya orijino. Na kila harusi ninayopiga kuna vijana wananiuliza unatumia kamera gani kaka, wakitoka hapo wanaenda kutafuta jina lile lile. Hiyo nayo haina thamani?

FundiBodi

Banange mada nzuri hii. Mi ni fundi, nipo Kampala mjini, nafungua kamera kila siku ya Mungu, kwa hiyo niwaambie kinachofika mezani kwangu.

Zinakuja zenye pini zilizopinda kwenye nafasi ya kadi, fleksi ya lenzi imekatika, shata (lile pazia linalofunguka na kufunga kila ukipiga) imekwama, raba ya mkononi imevimba kwa jasho, kuvu ndani ya lenzi kwa sababu mtu anaihifadhi kwenye begi lenye unyevu miezi na miezi, na huku karibu na ziwa unyevu ni mwingi. Hakuna aliyewahi kuniletea kamera akilia kwamba megapikseli ni chache. Kwa hiyo nikisikia watu wanabishana kampuni imsikilize nani, mi najibu imsikilize anayefungua ile kamera baada ya miaka saba, ila najua hawatakuja William Street kuniuliza.

Sasa nyie wawili mnabishana kama vile mpenzi na mtu wa kazi wanataka vitu tofauti. Si kweli. Chukueni Nikon D7000 ya 2010. Ile haikutengenezwa kwa watu wa kazi, ilikuwa ya wapenzi. Lakini ilikuja na nafasi mbili za kadi za SD, bodi yenye metali ya magnesi juu na nyuma, na mota ya fokasi ndani ya bodi. D7100 na D7200 zikafuata njia ile ile. Nusu ya watu wa harusi ninaowajua walijengea jina lao kwenye hizo kamera! Halafu 2017 ikaja D7500, sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) nzuri, kasi nzuri, ila nafasi ya pili ya kadi wameondoa, na uwezo wa kufunga gripu ya betri wameondoa. Nani alifaidika? Mpenzi hakuongezewa kitu kwa kunyimwa kadi ya pili. Wa kazi alisukumwa tu apande daraja alipe zaidi.

Hiyo mota niieleze kidogo maana inawatesa vijana wengi. Mtu ananunua D3200 ya mtumba, halafu anapata 50mm f/1.8D kwa bei nzuri, anafunga, fokasi haitembei. Anakuja kwangu lenzi imekufa mkubwa. Lenzi ni nzima. Zile za herufi D hazina mota yao, zinazungushwa na kijiti kidogo mfano wa ncha ya bisibisi kinachochomoza kwenye pete ya bodi, na familia ya D3000 na D5000 hawakuwekewa hicho kijiti. Naitoa, naifunga kwenye D7000 ya hapa dukani, unasikia grrt, imeshika. Kijana anabaki anaiangalia tu. Na msifikiri kuhamia kamera mpya zisizo na kioo kutawasaidia, adapta ya FTZ ya kufungia lenzi hizi kwenye Nikon hizo nayo haina hiyo mota, utazungusha kwa mkono.

Upande wa kamera za juu kabisa, msizidharau kwa sababu ya bei. Canon waliipima shata ya 5D Mark IV kwa mipigo 150,000, 1D X Mark III kwa 500,000. Mwandishi wa habari huko Ulaya anaitumia miaka minne anaiuza, inakuja huku bado ina maisha. Kwa hiyo uimara anaoudai mtu wa kazi wa kule ndio unaotulisha sisi baadaye. Wakiacha kumsikiliza yule, baada ya miaka kumi mtumba wetu utakuwa plastiki tupu.

Dada_Arua

Fundi nakuunga mkono kwa hilo la kadi, na niongeze uzito.

Nilipiga harusi moja hapa Arua na bodi ya kadi moja. Kanisa, keki, kila kitu. Nafika nyumbani naweka kadi kwenye laptopu, kadi haisomeki. Nikajaribu mashine nyingine, haisomeki. Nilipata sehemu ya picha kwa programu ya kurudisha mafaili, zilizobaki zikapotea, na zilizopotea zilikuwa za kanisani. Mama wa bwana harusi alikuja kwangu mwenyewe, hakunigombeza, aliomba tu nitafute tena. Tangu siku ile sichukui harusi bila kadi mbili zinazoandika kwa pamoja, hata mteja akiniambia bei yangu iko juu namwambia dada yangu, bei ni hiyo.

Sasa mwaka 2018 Canon wanatoa EOS R, Nikon wanatoa Z6 na Z7, kamera za maelfu ya dola, zote kadi moja. Watu wa kazi dunia nzima walipiga kelele, wapo waliosema mpenzi hahitaji kadi mbili hivyo tunyamaze. Hawakunyamaza. 2020 ikaja R6 ya kadi mbili, Z6 II na Z7 II kadi mbili, na hata Z5 ambayo ndiyo ilikuwa ya bei ya chini kwenye sensa kubwa za Nikon ikapewa nafasi mbili za SD. Hiyo Z5 anainunua nani? Wapenzi kwa wingi. Kelele za mtu wa kazi zimemlinda mpenzi picha za mtoto wake.

Na vidio pia msisahau ilivyoingia. Canon 5D Mark II ya 2008 iliwekewa vidio ya Full HD wakiwafikiria watu wa habari, wanaotakiwa kutuma picha na kipande cha vidio kutoka eneo moja. Mwanzo huwezi hata kupanga mwangaza mwenyewe, ikabidi waiongezee kwa programu 2009, na fremu 24 na 25 kwa sekunde zikaja 2010 baada ya watu kudai. Leo mi nusu ya kipato changu ni vidio ya harusi na chanzo ni pale pale.

Kinachoniuma mimi ni kitu kinachoondolewa wakati kipo tayari. Canon RP ya 2019 ilitoka bila fremu 24 kwenye Full HD, watu wakalalamika, mwaka huo huo ikaletwa kwa programu tu, hawakubadilisha hata skrubu moja. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana siku ya kwanza. Waliizuia ili tu nisogee kwenye ya bei juu. Hapo siwasamehi.

Kiongozi_Mabamba

Jamani nami niseme, mi si mpiga picha, naongoza wageni wa ndege kwenye kinamasi cha Mabamba, tunaingia na mtumbwi kumtafuta korongo-nyangumi. Ila kamera nazibeba mimi, na uzito wake naujua kwenye bega.

Mnisikie vizuri, zile lenzi kubwa kabisa, 600mm f/4 za kilo tatu, mara nyingi huwa ni za daktari mstaafu au mwalimu mstaafu anayependa ndege. Wanaopiga kwa kazi wanaokuja huku mara nyingi wana vifaa vilivyochakaa, vya kazi kweli kweli. Kwa hiyo hiyo habari kwamba vya juu ni vya wa kazi na vya katikati ni vya wapenzi, kwenye mtumbwi wangu iko kinyume. Mpenzi ndiye anayenunua cha juu kabisa kwa sababu hasubiri kimrudishie hela.

Korongo-nyangumi anasimama palepale muda mrefu hatikisiki, kamera yoyote inampata. Shida ni akishuka kumkamata kambare. Ni sekunde moja hivi, mabawa yanafunguka, kichwa kinaingia majini, ameshatoka na majani na samaki pamoja. Mtumbwi nao unayumba kwa sababu wageni wote wamegeukia upande mmoja. Hapo ndipo hizi kamera mpya zinazotambua jicho la ndege zimesaidia sana, kina Canon R5 na R6 za 2020, na Sony a1 ya 2021. Nilikuwa naona mgeni anatoka na picha za majani yaliyo wazi na ndege mwenye ukungu, siku hizi ni nadra.

Na kuna lenzi moja ya Canon inaitwa RF 800mm f/11, nyepesi, kilo moja na kidogo, bei ni sehemu ndogo sana ya zile kubwa. Hiyo ni ya wapenzi moja kwa moja, mtu wa kazi angeikataa kwa sababu mwanga unaoingia ni mdogo. Pale Mabamba kwenye uwazi na jua inafanya kazi, nimeona kwa macho yangu. Ukiipeleka Bwindi kwa gorila, ndani ya msitu ule mzito, flashi hairuhusiwi na unakaa nao saa moja tu, utaumia. Kwa hiyo mi ningesema inategemea unapiga wapi kuliko unapigia nini.

mpiga_uwanja

Mi ni wa habari, Kampala. Nitaandika fupi niko kazini.

CHAN mwezi wa nane 2025 pale Namboole, kilichonisaidia si fremu 30 kwa sekunde, ni kutuma. Goli limeingia, ofisini wanataka picha kabla wachezaji hawajamaliza kukumbatiana. Kamera iliyo na tundu la waya wa mtandao na menyu ya kutuma inayoeleweka ndiyo inanipa mkate. Hilo mpenzi halihitaji kabisa, na asipokuwepo mtu wa kuwadai watalitoa. Kwa hiyo jamani kuna vitu vingine vya wa kazi ni vya wa kazi kweli, Fundi si vyote vinafanana.

FundiBodi

@mpiga_uwanja hapo umesema kweli, hilo nakupa.

picha_na_mwanga

Nimesoma yote. Dada Arua pole kwa zile picha za kanisani, inauma hata kusoma.

Nabaki na msimamo kwamba hela ya kampuni inatoka kwa watu kama mimi na hilo halibadiliki. Ila nakubali hoja ya kuondoa vitu makusudi. Mi mpenzi sijawahi kuandika popote naomba mtoe tundu la maikrofoni. Tena naona sisi wapenzi ndio tunaotakiwa kuwa wakali zaidi hapo, kwa sababu shilingi yetu ndiyo wanayoifuata. Mtu wa kazi akilalamika wanamwonyesha kamera ya bei juu. Sisi tukikataa kununua hawana pa kutuonyesha. Tatizo tunanunua sana kwa kutazama, ikitoka nyeusi na fedha yenye vinobu tunasahau kuangalia ina kadi ngapi. X-T50 ya Fujifilm ni mfano, nzuri mno, megapikseli 40, kadi moja.

Dada_Arua

Asante kaka. Na ikifika siku ya kununua angalia na betri. Canon LP-E6 iliyokuja na 5D Mark II mwaka 2008, ukoo wake bado unaingia kwenye R5 na R6. Betri zangu za zamani nilizihamishia kwenye bodi mpya, zinaisha mapema kidogo lakini zinafanya kazi. Mtu akinifanyia hivyo najua alinifikiria mimi ninayerudi dukani mara moja kwa miaka mingi, na hakumuumiza mpenzi yeyote.

Mpiga_wa_Jinja

Wakubwa mmenipa darasa. Nilikuja na wa kazi kwanza, na kwa hayo ya mpiga_uwanja bado niko hapo hapo, lazima kuwe na kamera ambazo mtu wa kazi ndiye anayeamua kila kitufe. Lakini kwa bodi ninayoweza kuinunua mimi, sasa naona mtu wangu wa karibu ni huyu wa Entebbe. Yeye akinunua mpya leo yenye kadi mbili na tundu la maikrofoni, mi nitaikuta mtumba baada ya miaka mitatu minne. Akinunua iliyokatwa katwa, nitaikuta hiyo hiyo iliyokatwa. Kwa hiyo kaka tafadhali, ukienda dukani nunua ukinifikiria na mimi.

Nimepata mbili za mtumba Kampala, Nikon D750 na Nikon Z5, bei zinakaribiana. Lenzi zangu ni za Nikon, moja ni 50mm ya D, nyingine zina mota zake. Fundi unasemaje?

FundiBodi

Zote zina kadi mbili za SD kwa hiyo hapo uko salama. D750 itaendesha hiyo 50 yako ya D bila adapta na betri yake inakaa siku nzima ya kwanjula. Z5 inakuonyesha mwangaza wa tenti kabla hujabonyeza, fokasi ya macho ipo, ila uhesabu hela ya adapta na hiyo 50 utazungusha kwa mkono. Kwa kazi yako ya sasa na lenzi ulizonazo mi ningechukua D750, ukipata hela ya lenzi mpya ndo uhame.

Muuzaji asikupe hadithi. Mwambie apige picha moja ya JPEG mbele yako, uisome idadi ya shata kwenye faili lenyewe, hiyo D750 imepimwa kwa mipigo 150,000. Halafu jaribu nafasi zote mbili za kadi, si moja, weka kadi yako mwenyewe, piga, toa, rudisha. Tazama pini kwa tochi ya simu. Kwenye D750 uliza pia namba ya serial ya bodi, zipo zilizoitwa na Nikon zirudishwe kwa ajili ya shata, kwenye tovuti yao unaingiza namba unaambiwa kama yako imo. Ukiweza pita nayo kwangu kabla hujalipa, kuangalia sikulipishi.

Mpiga_wa_Jinja

Sawa mkubwa, nakuja Alhamisi na basi la asubuhi. Nitakuja na hiyo 50 pia.